Namna ya Kupata Maneno ya Utafutaji Yanayoifaa Tovuti ya Kiswahili: Mwongozo Kamili

Mfugaji anayeingia bandani asubuhi na kukuta kuku wamezubaa, wameshusha mabawa na wanaharisha kinyesi cha kijani haandiki kwenye simu yake “udhibiti wa ugonjwa wa Newcastle kwa kuku wa asili”. Anaandika “dawa ya mdondo”, au “dawa ya kideri”, au “kuku wanaharisha kijani”, kutegemea alikokulia na alichokiona kwa macho yake. Tovuti yenye maelezo sahihi kabisa ya ugonjwa huo, lakini iliyoandikwa kwa lugha ya kitaalamu peke yake, inaweza isimfikie hata siku moja, naye akaishia kwa mtu anayemuuzia dawa isiyotibu kitu, kwa kuwa mdondo husababishwa na virusi, hauna tiba, na kinga yake ni chanjo.

Maneno ya utafutaji ni yale ambayo watu huyaandika, au huyatamka, wanapotafuta jambo kwenye Google, Bing au YouTube. Kuyapata ni kazi ya kusikiliza kwanza na kuhesabu baadaye. Miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya soko la Kiingereza huanza na programu za takwimu, na kwa mwenye tovuti ya Kiswahili huo ni mwanzo mbaya, kwa sababu programu hizo zina taarifa chache mno za lugha yetu, na anayezitegemea tangu mwanzo huhitimisha haraka kwamba hakuna anayetafuta kitu kwa Kiswahili. Ili hatua zisibaki hewani, tuchukue mfano mmoja na kwenda nao hadi mwisho: tovuti ya mtu anayetotolesha na kuuza vifaranga mjini Morogoro, ambaye pia huuza chakula cha kuku na kutoa ushauri wa ufugaji.

Hatua ya kwanza: andika biashara yako inamtatulia mtu shida gani

Chukua daftari au fungua lahajedwali, kisha andika kila bidhaa, kila huduma na kila shida ambayo mteja huja nayo. Mtotoleshaji wetu ataandika vifaranga chotara, vifaranga wa kuku wa nyama, vifaranga wa kuku wa mayai, chakula cha kuku, chanjo, ujenzi wa banda, mtaji, soko la mayai, magonjwa. Orodha hii ya mada ndiyo mbegu ya kila kitakachofuata, na haihitaji zaidi ya saa moja. Jambo usiloweza kulihudumia liache nje. Hakuna faida ya kuvuta wasomaji wa ufugaji wa samaki kwenye tovuti isiyouza hata kifaranga cha samaki.

Hatua ya pili: kusanya maneno kutoka vinywani mwa wateja

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo watu wengi hupita haraka. Fungua meseji za WhatsApp za biashara yako na usome maswali ya wateja kuanzia ya zamani hadi ya jana. Muulize anayepokea simu maswali yanayojirudia. Pitia mijadala ya ufugaji kwenye JamiiForums, makundi ya wafugaji ya Facebook, na maoni yaliyo chini ya video za YouTube zinazohusu kuku. Kila swali linakiliwe kama lilivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia, wala usilisahihishe, kwa sababu hivyo ndivyo mtu huyo huyo atakavyoliandika kwenye Google.

Utagundua mambo ambayo huwezi kuyafikiria ukiwa umekaa ofisini. Muuzaji husema “vifaranga bora wenye ukuaji wa haraka”, mteja huuliza “kuroiler mnao?” au “sasso bei gani”, akitaja majina ya aina za kuku chotara. Muuzaji huandika “mpango wa biashara ya ufugaji”, mteja huomba “mchanganuo wa kuku 100”. Neno “mchanganuo” lina thamani kubwa: anayeliandika tayari ana wazo la mtaji, anataka kujua gharama za banda, chakula, chanjo na faida, na ni mtu aliye karibu kabisa kununua vifaranga. Wengine huongeza “pdf” mwishoni, kama vile “ratiba ya chanjo ya kuku pdf”, kwa kuwa wanataka kitu cha kupakua na kukisoma wakati hawana bando. Ukiliona neno hilo likijirudia, tayari umepewa agizo: tengeneza ratiba inayopakulika, yenye uzito mdogo.

Zingatia pia mipaka ya maeneo. Kuku ambaye mfugaji wa Tanzania humwita chotara, mfugaji wa Kenya mara nyingi humwita “improved kienyeji”, na Kenya watu wengi hutafuta kwa Kiingereza au kwa kuchanganya lugha mbili. Mashine ya kutotolesha vifaranga nayo hutafutwa sana kwa jina la “incubator”, hata na mtu ambaye sentensi yake yote iliyobaki ni ya Kiswahili. Kupenda Kiswahili fasaha hakukuzuii kuyapokea maneno haya. Andika kwa ufasaha, lakini hakikisha jina ambalo mteja analijua limo ndani ya ukurasa.

Hatua ya tatu: panua orodha kwa kufuata sarufi ya Kiswahili

Kiswahili hubadilisha neno mbele, na kila badiliko linaweza kuwa utafutaji tofauti. Kutoka kwenye wazo moja la kufuga utapata “kufuga kuku”, “ufugaji wa kuku”, “mfugaji wa kuku”, “jinsi ya kufuga kuku” na “namna ya kufuga kuku”. Ugonjwa mmoja huzaa “ugonjwa wa kuku” na “magonjwa ya kuku”. Banda huzaa “mabanda”. Upatanisho wa kisarufi nao hutofautiana kwa watumiaji: wapo wanaoandika “vifaranga vya kuku” na wapo wanaoandika “vifaranga wa kuku”, wapo wanaoandika “dawa ya mafua ya kuku” na wapo wanaoandika “dawa za mafua ya kuku”. Usidhani kwamba injini ya utafutaji itayaona yote kuwa ni kitu kimoja. Yaandike yote katika orodha, tutayaunganisha baadaye.

Kisha pitisha kila mada kwenye vianzio ambavyo watu wetu huanzia kutafuta. Vinavyozaa zaidi ni “jinsi ya”, “bei ya”, “dawa ya”, “dalili za”, “faida za”, “aina za”, “sababu za”, “gharama za”, “ratiba ya”, “mchanganuo wa” na “mtaji wa”. Mwishoni mwa maneno huja viambishi vya mahali na wakati: “Tanzania”, “Dar es Salaam”, “Morogoro”, “2025”, “siku ngapi”, “bei gani”, “wanapatikana wapi”. Kwa mada ya mayai peke yake, mtotoleshaji wetu anapata “mayai ya kuku hutotolewa siku ngapi”, ambalo jibu lake ni siku 21, na kutoka hapo “joto la mashine ya kutotolesha”, “sababu za mayai kutototolewa” na “bei ya mashine ya kutotolesha mayai 100”. Maneno marefu ya namna hii hutafutwa mara chache yakichukuliwa moja moja, lakini anayeyaandika anajua anachokitaka, na washindani wake ni wachache. Tovuti changa ianzie hapo. Kuanza na neno “kuku” tupu ni kupoteza muda.

Hatua ya nne: iache Google ikukamilishie

Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, ili historia yako isiingilie matokeo, kisha andika “kuku” kwenye kisanduku cha utafutaji, weka nafasi, na usibonyeze kitufe cha kutafuta. Mapendekezo yatakayojitokeza yametokana na yale ambayo watu hutafuta kweli. Ongeza herufi moja moja: “kuku a”, “kuku b”, “kuku ch”, na kuendelea, kila mara ukinakili kinachofaa. Rudia kwa vianzio vya hatua iliyopita: “dawa ya kuku”, “chanjo ya kuku”, “jinsi ya kutengeneza chakula cha kuku”. Fanya hivyo hivyo kwenye YouTube, kwa sababu mambo yanayohitaji kuonyeshwa kwa mikono, kama kudondoshea chanjo jichoni au kuchanganya chakula, mara nyingi hutafutwa huko.

Ukishabonyeza kitufe, shuka chini ya ukurasa na usome maswali yanayoulizwa na watu wengine pamoja na utafutaji unaohusiana. Si kila utafutaji wa Kiswahili huleta maswali hayo, lakini yanapokuwepo hukupa vichwa vidogo vya makala bila jasho.

Kama unaihudumia Tanzania ukiwa Muscat au London, mapendekezo na matokeo yataathiriwa na mahali ulipo. Fungua ukurasa wa matokeo, nenda mwishoni mwa anwani yake kwenye kivinjari, uongeze &gl=tz&hl=sw, kisha upakie upya. Sehemu ya kwanza huiambia Google itoe matokeo ya Tanzania, ya pili huweka lugha ya kiolesura kuwa Kiswahili. Kwa Kenya, weka ke badala ya tz.

Hatua ya tano: tafuta takwimu, na uzisome kwa tahadhari

Sasa ndipo zinapoingia programu. Keyword Planner, programu ya kukadiria wingi wa utafutaji, imo ndani ya Google Ads, huduma ya matangazo ya Google, na haina malipo, ingawa ni lazima ufungue akaunti, na akaunti isiyoendesha matangazo kwa kawaida huonyeshwa viwango vipana, kwa mfano kati ya 100 na 1,000 kwa mwezi, badala ya idadi kamili. Chagua nchi unayoihudumia, na kwenye lugha chagua lugha zote, kwani simu nyingi zimewekwa Kiingereza hata kama mwenyewe huandika Kiswahili.

Kuna makosa mawili ya usomaji yanayofanyika sana. La kwanza ni kuichukulia safu ya ushindani kana kwamba inapima ugumu wa kuingia kwenye ukurasa wa kwanza. Programu hii ilitengenezwa kwa ajili ya watangazaji, na safu hiyo hupima ushindani wa watangazaji wanaolipia neno hilo. Neno lenye ushindani “mdogo” pale linaweza kuwa na kurasa kumi imara mno kwenye matokeo ya kawaida. La pili ni kulifuta neno kwa sababu programu imeonyesha kistari au sifuri. Google imesema kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 15 ya utafutaji unaofanywa kila siku haujawahi kuonekana kabla. Kwa lugha ambayo maneno yake hubadilika umbo kama yetu, kutegemea takwimu za neno moja moja ni kujipunja. Ukiwa umelisikia swali kwa wateja wengi na umeliona kwenye mapendekezo ya Google, ushahidi huo unatosha hata kama programu haina namba.

Jihadhari pia na takwimu za dunia nzima. Neno “kuku” lina watafutaji wengi ambao hawajawahi kuwaza banda: ni chakula cha mayai cha Kiirani, na ni sehemu ya jina la Kuku FM, huduma ya kusikiliza vitabu na hadithi nchini India. Bila kuchuja nchi, utahesabu watu hao wote kuwa wafugaji. Kwa sababu hiyo hiyo, sioni haja ya mwenye tovuti ndogo ya Kiswahili kulipia Ahrefs au Semrush mwanzoni. Ni programu nzuri, ila nguvu yake kubwa iko kwenye lugha zenye data nyingi.

Google Trends ni ya kusoma mwelekeo. Haitoi idadi ya watafutaji; hutoa kipimo cha 0 hadi 100, ambapo 100 ni kilele cha kipindi ulichochagua. Linganisha “mdondo” na “kideri” kwa Tanzania, au “kuku chotara” na “kuku wa kienyeji”; unaweza kuweka maneno kadhaa kwa pamoja. Neno lenye watafutaji wachache huenda lisionyeshe chochote, na hapo urudi kwenye neno pana zaidi au kipindi kirefu zaidi. Manufaa yake makubwa ni majira. Anayetaka kuuza kuku wa nyama sikukuu ya Krismasi huhitaji vifaranga wiki tano au sita kabla, lakini anayetaka kuuza chotara huhitaji miezi mitatu hadi minne, maana yake ananunua Agosti au Septemba. Ukurasa unaomlenga huyo wa chotara uwe umechapishwa mapema zaidi ya hapo, kwani ukurasa mpya unaweza kuchukua wiki, hata miezi, kabla ya kupata nafasi yake kwenye matokeo.

Hatua ya sita: soma ukurasa wa kwanza wa matokeo

Kwa kila neno unalolifikiria, litafute mwenyewe na usome matokeo kumi ya kwanza kwa makini. Hatua hii haina mbadala. Mwaka 2002 mtafiti wa kompyuta Andrei Broder aligawa utafutaji wa mtandaoni katika makundi matatu kwa kufuata nia: kutafuta maarifa, kutafuta tovuti fulani, na kutaka kufanya jambo kama kununua au kupakua. Mgawanyo huo bado unafaa. Ukitafuta “bei ya vifaranga chotara” na matokeo yakawa matangazo ya wauzaji, makala ndefu ya historia ya kuku chotara haitapenya. Weka bei, mahali, namba ya simu na tarehe ambayo bei ilisasishwa. Ukitafuta “dalili za mdondo” na matokeo yakawa makala na video, ukurasa wa kuuza hautapenya.

Angalia nani yuko pale. Kama nafasi za juu zimeshikwa na mijadala ya miaka kumi iliyopita, nyaraka ndefu za pdf ambazo hazisomeki kwenye simu, na video zisizojibu swali, hapo pana mlango wazi. Kama zimeshikwa na kurasa zenye picha halisi, majibu kamili na taarifa mpya, tafuta neno jembamba zaidi. Kwa Kiswahili milango iliyo wazi bado ni mingi sana, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuifanya kazi hii sasa.

Hatua ya saba: unganisha maneno, kundi moja ukurasa mmoja

Sasa una mamia ya maneno, na kishawishi kikubwa ni kuandika ukurasa kwa kila moja. Usifanye hivyo. Kurasa mbili za tovuti moja zinazojibu jambo lile lile hunyang’anyana nafasi. Kipimo rahisi ni hiki: tafuta maneno mawili moja baada ya jingine, ikiwa matokeo mengi ya ukurasa wa kwanza ni yale yale, ukurasa mmoja unatosha, na yakitofautiana kabisa, andika kurasa mbili.

Kwa mtotoleshaji wetu, “mdondo”, “kideri”, “dalili za mdondo”, “dawa ya kideri” na “kuku wanaharisha kijani” vinaweza kukaa ukurasa mmoja. Kichwa chake kiwe kama “Mdondo (Kideri) wa Kuku: Dalili, Kinga na Ukweli Kuhusu Dawa Yake”. Hapa uaminifu una uzito kuliko ufundi wowote. Mtu ameandika “dawa ya kideri”. Ukurasa ulitumie neno lake, kisha umweleze bila kuzunguka kwamba hakuna dawa ya kuutibu, kwamba kuharisha kijani peke yake hakuthibitishi kuwa ni mdondo, hivyo amwone mtaalamu wa mifugo, kwamba wagonjwa watengwe, na kwamba chanjo ya I-2 inayodondoshewa jichoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kulitumia neno la mtafutaji ili kumuuzia kitu kisichosaidia ni dhuluma, na huyo hatarudi.

Wakati wa kuchagua kundi la kuanza nalo, jiulize kwanza kama anayetafuta unaweza kumhudumia kweli, pili kama ukurasa wa kwanza unaingilika, na tatu ndipo uangalie wingi wa watafutaji. Wengi huanza na wingi, wakajikuta na wasomaji elfu wasionunua. “Mchanganuo wa kuku 100 chotara” na “vifaranga chotara Morogoro” vitamlipa mtotoleshaji huyu mapema kuliko “ufugaji wa kuku”.

Hatua ya nane: weka maneno mahali pake

Neno kuu la kundi liwe kwenye kichwa cha ukurasa kinachoonekana kwenye matokeo, kwenye kichwa kikuu cha makala, katika aya ya kwanza na kwenye anwani ya ukurasa, mfano /mdondo-wa-kuku. Maneno ndugu yaingie kwenye vichwa vidogo na maelezo ya picha, pale tu yanapokaa kwa kawaida. Kile kisanduku cha zamani cha kuorodhesha maneno muhimu kwenye msimbo wa ukurasa kiache tupu. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haikitumii kupanga matokeo. Kurudiarudia neno katika kila sentensi nako ni kosa, kwani kumo miongoni mwa mambo ambayo sera za Google huyahesabu kuwa ni udanganyifu, na humchosha msomaji. Anayeuza kwa wateja wa mji wake afungue pia wasifu wa biashara kwenye Google, ili aonekane kwenye ramani mtu anapotafuta vifaranga akiwa Kihonda au Mzumbe.

Hatua ya tisa: rudi kwenye takwimu zako mwenyewe

Sajili tovuti kwenye Google Search Console siku ile ile inapoanza. Haina malipo, huhifadhi takwimu za miezi 16, na huonyesha maneno halisi yaliyowaleta watu, mara ngapi ukurasa wako ulionekana, mara ngapi ulibofywa na wastani wa nafasi yake. Maneno yanayoandikwa na watu wachache mno hufichwa kwa ajili ya faragha, lakini yanayobaki ni ya thamani kuliko makadirio ya programu yoyote, kwa kuwa ni ya wasomaji wako.

Baada ya miezi miwili au mitatu, fungua ripoti ya utendaji na uchuje nchi. Kwenye kichujio cha maneno chagua aina ya regex, yaani kuchuja maneno kwa kutumia mpangilio wa alama, uandike ^(jinsi|dawa|dalili|bei|sababu|mchanganuo), na utapata maneno yote yanayoanza na vianzio hivyo kwa mara moja. Tazama kwanza yale yenye wastani wa nafasi kati ya 8 na 20: kurasa hizo ziko karibu kufika, na mara nyingi zinahitaji sehemu moja tu inayolijibu swali hilo waziwazi. Kisha tazama yanayoonekana sana na kubofywa kidogo, urekebishe kichwa cha ukurasa kiseme jambo ambalo mtu ameliuliza. Ukikuta neno ambalo hukuwahi kuliwaza, kama vile “kuku anakoroma” kwenye ukurasa wako wa mafua, liingize kwenye makala kama kichwa kidogo, na uliongeze kwenye orodha ya hatua ya pili. Rudia ukaguzi huu kila baada ya miezi mitatu, na kurasa mbili zinapoonekana kwa neno lile lile zikipokezana nafasi, ziunganishe, kisha elekeza anwani ya ule dhaifu kwenye ule uliobaki.